Nyumba ya Heche ya Vyumba Viwili

Kauthar aliuliza swali lake kama alivyozoea kuliuliza, macho yakiwa kwenye kishikwambi na kidole kikiwa tayari kuandika. Baba wa mtoto ni nani? Bibi Bhoke Nyamhanga, aliyekuwa ameketi mbele yake kwenye kigoda akipeta ulezi, hakuinua hata kichwa.

"Ni mimi," alisema.

Mtu wa mbali angecheka, au angerudia swali kwa sauti kubwa akidhani bibi hasikii vizuri. Kauthar hakucheka. Alizaliwa Mugumu na kukulia Mugumu, binti wa Abdurahmani fundi cherehani, na tangu utotoni alijua nyumba ntobhu ni kitu gani. Kwa Wakurya, mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake. Huyo mke akizaa, kwa mwanamume yeyote yule, mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe. Mwanamume mwenyewe ni mpita njia tu, hana cha kudai. Bibi Bhoke alitoa ng'ombe wake akamwoa Veronika, na Veronika akamzaa Ghati. Kwa hiyo baba yake Ghati alikuwa huyu bibi wa miaka sitini na tatu mwenye ungo magotini, na Nyansurura nzima hapakuwa na mtu ambaye angebisha.

Tatizo ni kwamba Ghati hakuwa Nyansurura. Mwaka ule bei ya dhahabu ilipanda, vijana wakavumbua kilima upande wa Tarime wakakiita Magenge Saba, na rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu, ikaanza. Veronika naye alikwenda huko kuwapikia wachimbaji, akiwa na Ghati wa miaka minne mkononi. Mvua zilipoanza alishikwa na homa, na kabla hawajamfikisha zahanati akafariki. Mamantilie wenzake walimzika vizuri, kisha wakampeleka mtoto polisi, polisi wakampeleka halmashauri ya wilaya aliyotoka mama yake, na halmashauri ikampeleka kwa mama Shamsia kule Morotonga, ambaye nyumba yake iliandikishwa kuwahifadhi watoto wa namna hiyo mpaka ndugu wapatikane. Bibi Bhoke alijitokeza wiki hiyohiyo. Alitaka mtoto wake, basi. Kauthar alikuwa ametumwa kuangalia kama apewe.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na afisa ustawi wa jamii mwenyewe, mzee Ambokile, mtu wa Rungwe aliyezeeka akizunguka Serengeti kwa pikipiki. Lakini rashi ilizalisha watoto wasio na wenyewe kuliko pikipiki moja inavyoweza kuwafikia. Halmashauri ikatangaza zabuni ya kutembelea familia, na kampuni iitwayo Daraja la Familia, kutoka Dar es Salaam, ikashinda. Iliajiri vijana sita, Kauthar akiwa mmoja wao na stashahada yake ya ustawi wa jamii. Ikawapa vizibao vya bluu, vishikwambi, na kipimo kimoja cha kazi: kila shauri lifungwe ndani ya siku kumi na nne. Mzee Ambokile akabakiwa na mhuri.

Kauthar aliandika "Bhoke Nyamhanga" kwenye nafasi ya baba. Kishikwambi kikauliza jinsia. Akabonyeza mwanamke, na maandishi mekundu yakatokea, ukurasa ukagoma kugeuka. Akajaribu kuacha nafasi wazi, ukagoma vilevile. Kulikuwa na chaguo la "hajulikani", lakini kila mfanyakazi wa Daraja alijua kwamba ukilibonyeza hilo, shauri linarudi polisi kwa upelelezi na linakaa huko mpaka mtoto aanze shule. Siku ya kumi na mbili ilikuwa imekwisha kufika. Kauthar aliaga, akavuka uzio wa minyaa, akamuuliza jirani aliyekuwa akifua nguo, Veronika alizaa na nani. Jirani akamjibu bila kuacha kufua: ni Heche Wangwe, yuko huko Magenge Saba anachimba.

Penye udhia penyeza rupia, wanasema. Kauthar alipenyeza jina.

Ukurasa ukageuka upesi, na hapo ndipo shida ilipozaa shida. Kishikwambi sasa kilitaka kujua makazi ya baba yakoje na yalitembelewa tarehe gani. Magenge Saba ilikuwa nje ya wilaya, na Daraja haikulipa mafuta ya nje ya wilaya. Kauthar alikaa kwenye jiwe kando ya njia akafanya jambo ambalo, tuseme ukweli, hakuwa akilifanya kwa mara ya kwanza. Alikuwa na nyumba yake moja ya akiba. Vyumba viwili, ukuta wa tofali za kuchoma, paa la bati, choo cha shimo chenye mlango, maji ya bomba hatua ishirini. Aliijua kwa kichwa kwa sababu ilikuwa nyumba ya baba yake, Abdurahmani, na maji hayo ya kutoka bwawa la Manchira aliyachota kwa ndoo tangu yalipofika mtaani kwao. Kila alipokosa nauli, au mvua ilipokata njia, au siku zilipomwishia, familia aliyoshindwa kuifikia aliihamishia humo. Kwenye karatasi, familia kumi na moja zilikuwa zimekwisha kuishi kwa mzee Abdurahmani, naye hana habari.

Hakuwa mvivu, na hakuwa na roho mbaya. Kila mara alijiambia atapita baadaye kuhakikisha. Lakini bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe lilikuwa ni neno lake. Kule chuoni walifundishwa kanuni moja kabla ya zote: usiandike usichokiona. Aliiandika kwenye daftari la mwaka wa kwanza na kuipigia mstari kwa wino mwekundu. Sasa aliandika tarehe kumi na mbili, akamweka Heche nyumbani mwao.

Mwishoni mwa fomu kulikuwa na kisanduku cha "maoni mengine". Hapo aliandika kwamba mtoto ni wa nyumba ntobhu, kwamba bibi anamtaka na ana uwezo wa kumlea. Aliamini kisanduku hicho kitasomwa. Watu wengi wameshawahi kuamini hivyo kuhusu visanduku vya mwisho.

Kishikwambi kilijumlisha kilichopewa. Mzazi wa kiume yupo hai na ana nyumba bora. Bhoke Nyamhanga ana zaidi ya miaka sitini na hana uhusiano wa damu na mtoto. Pendekezo: mtoto akabidhiwe kwa baba. Mzee Ambokile akagonga mhuri, barua ikaenda kwa Heche, na shauri likahesabiwa limefungwa siku ya kumi na tatu. Meneja wa Daraja pale Mugumu, kijana wa Mwanza aitwaye Danford, alimpongeza Kauthar mbele ya wenzake. Kauthar alitabasamu.

Kila Alhamisi Bibi Bhoke alikuwa akitembea kutoka Nyansurura mpaka Morotonga kumpelekea Ghati unga wa uji, kisha anapita ofisini kuuliza. Alhamisi iliyofuata aliambiwa na mama Shamsia kwamba Ijumaa ya wiki ijayo mtoto atachukuliwa na mwanamume mmoja kutoka machimboni. Alifika ofisini saa tano asubuhi, akakaa kwenye benchi, akasubiri mpaka Kauthar amalize na watu wengine. Kauthar alimpa shikamoo. Bibi aliitikia marahaba, maana adabu ni adabu, kisha akauliza swali moja.

"Heche ni nani kwa mtoto wangu?"

Kauthar alimwambia kwamba kuna kosa limetokea na atalishughulikia. Bibi akachukua mfuko wake mtupu wa unga, akaondoka. Hakupiga kelele wala hakulia. Kauthar angependa afanye kimojawapo, apate wa kumbembeleza. Alibaki amekaa na aibu yake, na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Alikwenda kwa Danford. Hakuthubutu kusema habari ya nyumba. Alisema tu kwamba jina la baba limekosewa kwa mila za pale, na mtoto anapelekwa pasipo pake. Danford hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwa upole kwamba mtoto amepata baba wa kumzaa, na sheria ikitazamwa haina ubaya na hilo. Zaidi ya hapo, faili lililokwisha kugongwa mhuri likifunguliwa, wakaguzi wa halmashauri watataka kuona na mengine, na mkataba wa kampuni ulikuwa unahuishwa mwezi ujao.

"Dada Kauthar, ukifungua moja, watafungua yote," alisema.

Danford alikuwa anazungumzia mkataba. Kauthar alifikiria familia zote zile ndani ya vyumba viwili.

Jumatatu aliomba ruhusa ya ugonjwa, akapanda gari la Tarime, akashuka njia panda na kukodi bodaboda kwa fedha yake. Asije mtu akamvika kilemba cha ushujaa. Hakwenda Magenge Saba kumwokoa Ghati. Alikwenda akiwa na tumaini kwamba Heche ana nyumba. Siku hizi wachimbaji wengine hujenga haraka, alijiambia. Huenda ana vyumba viwili kweli, huenda hata vitatu, na uongo wake utageuka kweli kwa kuchelewa wiki mbili tu. Njiani kote alikuwa anamwombea Heche bati.

Magenge Saba hapakuwa na bati ila la karasha, zile mashine za kusaga mawe, zilizokuwa zikinguruma tangu bondeni mpaka kileleni. Kilima kilikuwa kimetafunwa. Maturubai ya bluu na ya rangi ya chungwa yalibanana kati ya mashimo, na humo humo paliuzwa dawa, samaki wa kukaanga, viatu na vocha. Alimuulizia Heche Wangwe kwa mamantilie mmoja, naye akaita kwa sauti kubwa kuelekea kwenye duara la tatu, ndilo shimo la kuchimbia, "Heche! Mura! Una mgeni wa serikali!"

Aliyepanda kutoka shimoni alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mweupe kwa vumbi mpaka kope. Alijifuta mkono kwenye suruali kabla ya kumpa. Alimwongoza kwenye turubai alimolala yeye na wenzake sita, akaazima kiti cha plastiki kwa jirani, akamketisha mgeni, yeye akachuchumaa. Humo ndani palikuwa na magunia ya kulalia, sufuria na redio. Kauthar aliangalia kila kitu, na safari hii hakuandika.

Heche alitoa barua kwenye mfuko wa nailoni aliouweka ndani ya koti.

"Kauthar Abdurahmani ni wewe?"

"Ni mimi."

"Jina lako liko hapa chini." Alionyesha kwa kidole kisichokuwa na ukucha. "Mimi kusoma nasoma kidogo, lakini hii nilimpa mwenzangu anisomee mara tatu. Imeandikwa ulifika kwangu tarehe kumi na mbili. Nina nyumba ya vyumba viwili, bati, choo chenye mlango, na maji ya bomba."

Kauthar aliisoma tarehe ile kwenye barua.

"Nikafikiri sana," Heche aliendelea. "Nyumba sina. Na serikali haiwezi kuandika kitu ambacho hakipo, halafu ikapiga mhuri. Kwa hiyo nikajua nimepewa."

"Umepewa nini?"

"Nyumba. Wamenipa pamoja na mtoto, nimlee humo."

Alisema hivyo bila mzaha wowote, kama mtu anayeeleza jambo aliloliwaza mpaka likakaa sawa. Kauthar alimuuliza kama alikuwa anamtaka Ghati. Heche alionekana kushangaa. Mtoto ni wa Bhoke, alisema, ng'ombe ni za Bhoke, yeye ni nani mpaka amtake? Angekwenda kudai mtoto wa nyumba ya watu, ndugu zake mwenyewe wangemcheka. Lakini barua ya serikali ni amri, na nyumba ni nyumba.

"Nilipanga chumba kimoja nikae mimi, kingine akae bibi na mtoto," alisema. "Amezeeka yule. Maji yakiwa hatua ishirini, angepumzika." Akaikunja barua kwa uangalifu, akairudisha kwenye nailoni. "Sasa nyumba yenyewe iko wapi, dada?"

Ingekuwa rahisi kusema kwamba ni makosa ya mashine. Alikuwa ameliandaa neno hilo njiani. Lakini kijana huyu alikuwa amekwisha kumpa Bibi Bhoke chumba ndani ya nyumba isiyokuwepo, na Kauthar akaona haya kuliko alivyowahi kuona haya maishani mwake.

"Ni ya baba yangu," alisema. "Iko Mugumu. Sikufika kwako. Niliiandika tu."

Heche aliirudisha nailoni ndani ya koti. Karasha ziliendelea kunguruma. Mwishowe alimuuliza kama amekula, na Kauthar aliposema hapana, akamnunulia ugali na dagaa kwa yule mamantilie, akarudi shimoni kwake.

Kesho yake asubuhi Kauthar alikuwa mlangoni kwa mzee Ambokile kabla hajafungua. Alimsalimia shikamoo, akakaa, akasimulia yote, tangu uzio wa minyaa hadi kiti cha plastiki. Hakujitetea. Mzee alilitoa faili kabatini, akasoma ukurasa kwa ukurasa, na alipofika kwenye kisanduku cha maoni mengine akakisoma mara mbili. Kisha akaweka kidole kwenye sahihi iliyo juu ya mhuri.

"Hii sahihi ni ya nani?" aliuliza.

"Ni yako, mzee."

"Ni yangu. Siku ile niligonga mafaili arobaini kabla ya chai." Alivua miwani. "Nilipokuwa nakwenda mwenyewe nilikuwa nafika nyumba tatu kwa wiki, nasemwa kwamba ni mzito. Lakini nilichokiandika nilikuwa nimekiona. Sasa wewe hukuona, na mimi sikusoma, na mtoto Ijumaa hii anapelekwa kulala kwenye turubai na wanaume saba."

Hakumfokea. Alichukua karatasi ya mistari, akaandika kwa mkono kusitisha makabidhiano, akaeleza sababu, akatia sahihi yake, akamsukumia Kauthar kalamu naye atie yake. Halafu akaandika taarifa mpya. Kwenye nafasi ya baba aliandika Bhoke Nyamhanga, kwa nyumba ntobhu, na chini yake akaongeza kwamba Kauthar amefika kwa Bhoke na kwa Heche, na wote wawili wameulizwa. Karatasi haikugoma. Alipomaliza aliuliza kama kuna wengine.

"Kumi na mmoja," Kauthar alisema.

"Wote kwa baba yako?"

"Wote kwa baba yangu."

Mzee Ambokile akafuta miwani, akasema andika majina yao.

Danford alivichukua kishikwambi na kizibao siku hiyohiyo. Hakumsema vibaya, alimwomba tu atie sahihi kwamba amevirudisha vikiwa vizima, akamtakia kila la heri. Jioni Kauthar alimweleza baba yake kwamba kazi imekwisha, na kwa nini. Abdurahmani aliisimamisha cherehani. Aliuliza kama kweli familia kumi na mbili ziliandikwa kukaa humu ndani, akatazama chumba cha kwanza, akatazama cha pili, akasema Mungu amsamehe binti yake, zingetosha wapi.

Ijumaa mzee Ambokile alimchukua Ghati kwa mama Shamsia, na Kauthar akaenda nao Nyansurura, maana ni yeye aliyeanza shauri na alitakiwa alimalize mbele ya watu. Bibi Bhoke alikuwa amefagia uwanja. Ghati alimkimbilia, akaingia chini ya kitenge chake, akatoa kichwa tu. Mzee akataka bibi aweke dole gumba kwenye taarifa. Bibi akakataa mpaka asomewe yote, neno kwa neno, na walipofika kwenye nafasi ya baba akataka wairudie. Ndipo akaweka dole.

Mzee alitangulia kwenye pikipiki. Walikuwa na safari nyingine, alimweleza bibi. Kuna watoto kumi na mmoja wa kuwatazama upya. Kauthar alibaki nyuma, akimtafutia bibi maneno ya kuomba radhi. Bibi hakumsubiri ayapate.

"Siku ile uliponiuliza, nilikujibu," alisema.

"Ulinijibu, bibi."

"Basi kwa nini ukaenda kwa jirani?"

Kauthar angeweza kumweleza kuhusu maandishi mekundu na siku kumi na nne na mafuta ya nje ya wilaya. Yote yangekuwa kweli.

"Jibu lako lilikuwa na kazi nyingi," alisema. "La jirani lilikuwa jepesi."

Bibi Bhoke akaitikia kwa kichwa, kukubali kwamba hilo sasa ni jibu. Alimtazama Ghati, kisha akatazama barabara ambako mzee Ambokile alikuwa amewasha pikipiki.

"Mimi nina miguu," alisema. "Kila Alhamisi nilikuwa nafika kwenu. Hao wengine, kuna bibi anayefika?"

Kauthar alifikiri vizuri, kwa sababu hakutaka tena kuandika wala kusema asichokijua.

"Hakuna aliyefika," alisema.

Akaenda akapanda nyuma ya pikipiki, daftari likiwa mapajani. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa mtoto wa miaka mitatu, aliyekabidhiwa kwa mjomba wake miezi mitano iliyopita, katika nyumba ya vyumba viwili, bati, na choo chenye mlango.